Vani iliyotumika kuwa gari la kambi la 4x4: njia tatu, na kila moja inamfaa nani

Ukishaamua kwamba unataka vani utakayolala ndani yake, na ambayo haitageuza pale lami inapoishia, swali zito si godoro wala jiko. Ni magurudumu. Wengi hukaa na swali hili muda mrefu kabla ya kununua chochote, kwa sababu njia ziko tatu na kila moja ina wapenzi wake wasiotaka kusikia la mwingine.

Njia ya kwanza ni kutafuta vani iliyotumika ambayo ilitoka kiwandani ikiwa 4x4, yaani magurudumu yote manne yanaweza kusukuma. Ya pili ni kununua vani ya kawaida, kisha kuipeleka kwa mafundi wanaofunga mfumo wa 4x4. Ya tatu ni kubaki na magurudumu mawili yanayosukuma, lakini kuiandaa vani kwa makini: matairi, springi, difu loki (kifungo cha difu, ile gia inayogawa nguvu kati ya gurudumu la kulia na la kushoto) na vifaa vya kujikwamua. Hii ya tatu wengine hawaihesabu kabisa. Mimi naihesabu. Vani nzito ya 4x4 yenye matairi ya lami inaweza kuzama mahali ambapo vani nyepesi ya magurudumu mawili, yenye matairi yanayofaa na upepo uliopunguzwa, inapita.

Vigezo kwanza

*Uwezo njiani.* Hapa kuna mambo matatu yanayochanganywa kila siku. Kuna mshiko: ni magurudumu mangapi yanasukuma, na moja likianza kuteleza mengine yanaendelea au yanasimama? Kuna kimo: nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi. Na kuna gia nzito, ile seti ya pili ya gia ndani ya transfa (sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma), inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu. Wanunuzi huulizia mshiko tu. Vani ndefu mara nyingi hukwamishwa na kimo: magurudumu ya mbele yanavuka tuta, tumbo linakaa juu yake, na hapo hata kama yote manne yanazunguka hakuna yanachokishika. Gia nzito nayo haikumbukwi mpaka siku ya kushuka. Vani iliyojaa kabati, maji na betri hufika tani tatu na zaidi. Kwenye mteremko mkali wa mawe, asiye na gia nzito hushuka akiwa amekanyaga breki, na breki inayokanyagwa muda mrefu hupata moto na kulegea.

*Uzito na nafasi.* Kila kilo inayoingia kwenye mfumo wa magurudumu ni kilo inayotolewa kwenye maji, chakula na watu. Chini ya sakafu napo kuna ushindani: propela (mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli), transfa, tangi la mafuta, eksozi, tairi la akiba na tangi la maji vyote vinataka kukaa palepale.

*Matengenezo na spea.* Nani ataitengeneza, na spea itatoka wapi siku imeharibika mbali na mji?

*Karatasi.* Usajili, ukaguzi, bima na leseni. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, leseni ya daraja B kwa kawaida inaishia kilo 3,500 za uzito wa juu unaoruhusiwa, na mpaka huo umeamua muundo wa magari mengi ya kambi kuliko ladha ya mwenye gari.

*Gharama na muda.* Si bei ya kununulia peke yake, bali mpaka siku ya kulala ndani kwa mara ya kwanza.

Njia ya kwanza: 4x4 ya kiwandani

*Uwezo njiani.* Maandishi ya 4x4 kwenye mlango wa nyuma hayatoshi. Uliza ni mfumo gani, maana tofauti ni kubwa mno.

Volkswagen T3 Syncro, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Steyr-Daimler-Puch kule Graz, Austria, kati ya 1985 na 1992, ina injini nyuma na hupeleka nguvu mbele kupitia kiunganishi chenye mafuta mazito. Magurudumu ya nyuma yakianza kuzidi mwendo, mafuta yale hukaza na ya mbele yakaanza kuvuta. Haina transfa, ila ina gia moja ya ziada iliyo nzito kuliko ya kwanza, na nyingine zilikuja na difu loki. Mitsubishi Delica Space Gear, iliyoanza 1994, ni jamii nyingine. Imejengwa kwa mfumo wa Super Select wa ukoo wa Pajero: ina transfa, ina gia nzito, na unaweza kuiendesha kwa magurudumu manne hata juu ya lami kavu kwa sababu ina difu ya katikati, inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti. Mrithi wake, Delica D:5 ya 2007, ni nzuri kwa safari ndefu na utelezi, lakini gia nzito haina.

Toyota HiAce ya kizazi cha H200 yenye 4x4 inasukuma kwa magurudumu yote muda wote na haina gia nzito. Mercedes Sprinter ya kizazi cha 906 iliweza kuagizwa na gia nzito, ila uwiano wake ni 1.42 kwa 1, ilhali magari yaliyoundwa kwa porini huwa na 2 kwa 1 au zaidi. Inasaidia, lakini usitegemee itambae kama Land Cruiser. Ford Transit ya magurudumu manne, iliyoanza kuuzwa Amerika Kaskazini kama modeli ya 2020, haina gia nzito na kimo chake ni kilekile cha ndugu yake wa magurudumu mawili. Kwa theluji na barabara ya udongo yenye utelezi ni msaada wa kweli. Kwa mawe, hapana.

*Uzito na nafasi.* Kiwanda kilishapanga kila kitu chini ya sakafu, na uzito unaoruhusiwa umeandikwa kwenye kibao cha gari. Mfumo wenyewe huongeza kama kilo mia moja au zaidi ukilinganisha na toleo la kawaida, kwa hiyo usichukue takwimu za toleo la kawaida ukapangia fanicha.

*Matengenezo na spea.* Hapa ndipo pana nguvu ya njia hii, na pana mtego wake pia. Kila spea ina namba, kuna kitabu cha ufundi, na fundi anayeijua chapa hiyo hahitaji kubuni. Lakini gari limetumika, na mfumo wa magurudumu manne ndio ambao mwenye gari wa kwanza aliusahau. T3 Syncro changa kuliko zote ina zaidi ya miaka 30.

Kabla ya kulipa, lala chini ya gari mwenyewe. Shika propela kwa mikono miwili karibu na msalaba wake (kiungo kinachoiwezesha kupinda), izungushe kushoto na kulia, kisha isukume juu na chini. Mzunguko mdogo wa kushoto na kulia ni kawaida kwa sababu ya meno ya difu. Kule juu na chini kukiwa na mchezo wowote, msalaba umekwisha. Tazama kutu nyekundu ya unga kwenye vikombe vya msalaba, maana ni dalili ya beringi iliyokauka. Tazama pia kama transfa na difu zimelowa mafuta mapya. Halafu, kwa gari lenye kiunganishi cha mafuta, liendeshe mpaka lipate moto, nenda mahali pa sakafu ngumu na kavu, kata usukani mpaka mwisho, weka gia ya kwanza na uachie taratibu bila kukanyaga mafuta. Likizunguka kwa wepesi, sawa. Likijikaza kana kwamba hendibreki imevutwa, kiunganishi kimeganda. Mwisho soma namba za matairi yote manne. Matairi ya vipimo tofauti, au mawili mapya mbele na mawili yaliyolika nyuma, yanaua mifumo ya aina hii polepole, na muuzaji aliyeyaacha hivyo amekueleza mengi kuhusu matunzo.

*Karatasi.* Rahisi kuliko zote, kwa sababu gari liko kama lilivyosajiliwa. Kinachobaki ni taratibu za kulibadilisha liwe gari la kambi.

*Gharama na muda.* Bei ya kununulia iko juu, na machaguo ni machache. Unaweza kusubiri sana kupata yenye urefu na injini unayoitaka. Faida ni kwamba ukiipata unaanza kujenga ndani mara moja.

*Inamfaa* mtu anayetaka kusafiri mapema, asiyetaka kubishana na wakaguzi, na aliye tayari kukubali vani jinsi ilivyo, hata kama paa ni fupi.

Njia ya pili: kufunga 4x4 kwenye vani ya kawaida

*Uwezo njiani.* Ndiyo yenye uwezo wa juu kuliko zote, na ndiyo inayoweza kwenda vibaya kuliko zote. Yote yategemea fundi.

Kuna kampuni zilizojijengea jina kwa kazi hii. Iglhaut ya Ujerumani hubadilisha Sprinter na kuipa gia nzito na hadi difu loki tatu. Dangel ya Ufaransa imefanya kazi hiyo kwa vani za Peugeot na Citroën. Quigley ya Marekani inajulikana kwa vani za Ford, na huko pia mafundi wengi wamekuwa wakichukua ekseli ya mbele ya pikapu za Ford Super Duty na kuifunga chini ya vani za E-Series. Ekseli ya aina hiyo ni nzito na ngumu, inabeba bila kulalamika, ila usukani wake hauna wepesi ule wa gari la awali.

Maswali ya kumuuliza fundi ni haya, na majibu yake yasiwe ya juujuu. Mfumo utakuwa wa muda wote au wa kuingiza kwa mkono? Ule wa kuingiza kwa mkono usio na difu ya katikati hautumiki kwenye lami kavu, kwa sababu ukikata kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hutaka mwendo tofauti, na mfumo usioruhusu tofauti hiyo huvunja vyuma. Propela itakaa kwa pembe gani baada ya gari kuinuliwa? Pembe kali huleta mtetemo unaousikia mpaka kwenye sahani ndani ya kabati. Vihisi vya ABS (breki zisizofunga magurudumu) na vya kuzuia kuteleza vitaendelea kufanya kazi, na amevijaribu vipi? Tangi la mafuta na eksozi vitahamia wapi? Na spidomita itarekebishwa? Tairi lenye kipenyo kilichozidi kwa asilimia 10 hufanya spidomita isome 90 wakati gari linakwenda karibu 100.

*Uzito na nafasi.* Unachagua vani ndefu yenye paa la juu unayoipenda, na hiyo ni faida ambayo njia ya kwanza mara nyingi hainayo. Malipo yake yapo chini ya sakafu: ile nafasi uliyopanga kuweka tangi la maji huenda sasa ni njia ya propela.

*Matengenezo na spea.* Dai orodha ya maandishi: kila kipande kimetoka gari gani, la mwaka gani, na beringi na sili zake zina namba gani. Bila karatasi hiyo, fundi wa mahali pengine atakuwa anabahatisha. Ukikuta vani ambayo mwenzako alishaibadilisha na anaiuza, orodha hiyo ndiyo kitu cha kwanza kuomba, kabla ya kutazama kitanda. Kisha angalia uchomeleaji: mstari ulionyooka na wenye upana mmoja ni ishara njema; madonge na mashimo yaliyopakwa rangi nene ni sababu ya kuondoka.

*Karatasi.* Nchi nyingi huhesabu kubadilisha ekseli, kimo na breki kuwa mabadiliko ya muundo wa gari, yanayohitaji kukaguliwa na kuidhinishwa. Uliza kabla ya kazi kuanza, si baada. Bima nayo ielezwe yote kwa maandishi.

*Gharama na muda.* Kwa kawaida kazi ya magurudumu peke yake inaweza kupita bei ya vani yenyewe. Gari litakaa gereji, na zile kampuni zenye jina huwa na foleni.

*Inamfaa* mwenye mahitaji mahususi ambayo hakuna kiwanda kinayatosheleza: familia inayohitaji nafasi, anayefanya kazi ndani ya vani, au anayekwenda mara kwa mara mahali panapohitaji gia nzito na mwili mrefu kwa pamoja. Haimfai mwenye haraka.

Njia ya tatu: magurudumu mawili yaliyoandaliwa

*Uwezo njiani.* Kwanza tofautisha vani inayosukumwa na magurudumu ya nyuma na ile inayovutwa na ya mbele. Ukijaza vani vitu vya kambi, uzito mwingi huangukia nyuma. Kwa HiAce au Sprinter ya kusukuma kwa nyuma huo ni msaada, kwa kuwa magurudumu yanayosukuma ndiyo yanayobebeshwa. Kwa Fiat Ducato na jamaa zake wa Peugeot na Citroën, zinazovutwa kwa mbele, ni kinyume: kwenye mlima wa changarawe pua huwa nyepesi na matairi yanaanza kuzunguka bure. Kwa hiyo njia hii ina maana zaidi kwa vani ya kusukuma kwa nyuma, tena ukiiwekea difu loki, ili gurudumu moja likining'inia lile jingine liendelee.

Kinachofuata ni matairi ya njia mchanganyiko yenye uwezo wa kubeba uzito wa vani, springi zinazoinua kiasi, chuma cha kulinda tumbo la injini, ndoano imara za kuvutia mbele na nyuma, vibao vya kukwamulia, koleo na pampu ya upepo. Pampu hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo kifaa chenye faida kubwa kuliko vyote kwa uzito wake. Ukifika kwenye mchanga unapunguza upepo, pengine hadi karibu nusu ya ule wa lami, na tairi linalala: alama yake ardhini inarefuka mbele na nyuma, na gari linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Unatembea polepole, hukati kona kwa ghafla, na ukirudi kwenye lami unajaza kabla ya kuongeza mwendo.

Kisichopatikana kwa njia hii ni gia nzito. Mteremko mrefu wa mawe na tope zito la kupanda vitabaki nje ya uwezo wako, na ni vizuri kulikubali hilo mapema.

*Uzito na nafasi.* Bora kuliko zote. Nafasi ya chini ya sakafu yote ni yako.

*Matengenezo na spea.* Gereji yoyote inaijua. Mafuta yanaliwa kidogo zaidi kwa sababu ya matairi, basi.

*Karatasi.* Chache. Springi na vipimo vya matairi huenda vikahitaji kukaguliwa.

*Gharama na muda.* Ndogo, na unaweza kuifanya kidogokidogo huku ukisafiri.

*Inamfaa* anayelala zaidi kwenye barabara za udongo, fukwe ngumu na kambi za misituni, asiyesafiri msimu wa mvua kubwa, na anayeweza kugeuza gari bila kuona ameshindwa.

Jambo linalozigusa zote tatu

Uzito wa ndani huamua kuliko watu wanavyodhani. Lita 100 za maji ni kilo 100. Ubao mmoja wa plaiwudi ya birch wa milimita 12, mita 1.22 kwa 2.44, una kilo kama 24, na gari la kambi la kawaida hula mbao kadhaa. Betri ya risasi ya Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaouhifadhi) ina uzito unaokaribia kilo 30 na inashauriwa kutumia nusu tu ya umeme wake. Ya lithiamu ya chuma na fosfati ina kilo 12 hivi na unatumia sehemu kubwa ya umeme huo. Ila hii haipaswi kuchajiwa joto lake likiwa chini ya nyuzi 0, kwa hiyo kwa wa nchi za baridi iwekwe ndani, isifungwe chini ya gari.

Weka vizito chini na katikati ya ekseli mbili. Ukiinua gari kwa springi na matairi, halafu ukapachika hema, tangi na tairi la akiba juu ya paa, umeondoa utulivu uliokuwa umeulipia, na kwenye njia ya kuinama upande utauhisi.

Mpangilio wa kazi nao una maana. Mfumo wa magurudumu uanze, kwa sababu fundi huenda akahitaji kushusha tangi, kutoboa sakafu au kukata njia ya propela. Fanicha ifuate. Springi za kudumu zichaguliwe mwisho, baada ya kupeleka gari mizani likiwa na maji, mafuta na watu. Pima kila ekseli peke yake. Springi iliyochaguliwa wakati vani ni tupu mara nyingi huishia kuinamisha mkia au kuruka kila shimo.

Kwa hali yako

Kama shida yako ni theluji na barabara zenye utelezi, na mawe si sehemu ya maisha yako, tafuta ya kiwandani yenye mfumo wa muda wote. Gia nzito haina kazi kwako.

Kama kuna njia mahususi unayopaswa kuipita kila msimu, yenye miteremko mikali au mito, chukua Space Gear au nyingine yenye transfa kamili ikiwa mko wawili. Mkiwa wengi, nenda njia ya pili na uchague fundi kabla ya kuchagua vani, maana yeye ndiye anayejua ni mwaka upi na urefu upi anaoufanya vizuri.

Kama utavuka mipaka mingi, gari linalojulikana katika nchi unazopita ni salama kuliko lenye uwezo mkubwa lisilo na spea. Hapo HiAce ya kawaida iliyoandaliwa vizuri inaweza kukufikisha mbali kuliko Syncro.

Kama uzito wa leseni unakubana, piga hesabu ya njia ya tatu kwanza, kisha uone kama kilo zilizobaki zinatosha kuongeza transfa na ekseli.

Na kama bado hujui utaendesha wapi, nunua vani ya kusukuma kwa nyuma, ya modeli ambayo tayari kuna kampuni inayoibadilisha kuwa 4x4. Iandae kwa njia ya tatu, na funga kabati zote kwa bolti badala ya gundi. Baada ya misimu miwili ya kuitumia utajua ni wapi hasa ilikushinda, na fundi akihitaji kufika kwenye sakafu, utazifungua kwa spana.